Siku walifunga atelie yake: namna Élisabeth Vigée alipata jina



Mu mwaka wa 1774, mu jiji la Paris, watu wa Leta waliingia mu atelie ya binti mumoja mwenye alikuwa na miaka 19. Walikamata vitu vya kazi na kazi ikasimama. Kosa lake halikuwa wizi wala deni. Alikuwa anachora picha za sura za watu, watu wanamulipa, na hakukuwa na karatasi yenye kumuruhusu. Binti huyo aliitwa Élisabeth Louise Vigée. Kisha miaka kenda tu, mufalme wa Ufaransa mwenyewe alitoa amri ili apokelewe mu Akademia kubwa ya wachoraji wa inchi.

Nilisoma habari hiyo usiku mumoja wakati umeme ulirudi, na nilicheka kicheko cha mutu mwenye anajua shida yenyewe. Wengi wenu munanifahamu: nilimaliza lisansi ya agronomi, nikangojea kazi, kazi haikukuja. Nikaanzisha pepinieri ndogo ya avoka nyuma ya nyumba ya wazazi. Siku moja akakuja mutu na kalamu na fardi, akauliza karatasi. Sikukuwa nayo. Miche yangu ikapanda mu gari yake. Sitasema ni ofisi gani, na leo sikuje kulilia avoka. Nimekuja kuwaelezea huyu binti, juu maisha yake inagusa ile swali tunabishana kila siku mu kikundi chetu: mutu anapanda kwa nguvu ya mukono wake, ao kwa mwavuli wa mukubwa? Historia yake haijibu kwa neno moja. Njo maana naipenda.

Tuanze ku mwanzo. Alizaliwa Paris, tarehe 16 mwezi wa 4 mwaka wa 1755. Baba yake, Louis Vigée, alikuwa muchoraji wa picha za sura kwa pastele, ni kusema vile vijiti vya rangi kavu vinafanana na chaki. Mama yake, Jeanne Maissin, alikuwa anatengeneza nywele za watu. Si familia ya wakubwa, na si familia ya kukosa chakula. Ni familia ya mikono. Sawa vile ilikuwa desturi ya siku zile, mutoto alitumwa mashambani kwa mama wa kunyonyesha, kisha akawekwa kwa masista kusoma mpaka miaka 11.

Mu kitabu cha kumbukumbu zake, chenye kilianza kutoka 1835 wakati alikuwa tayari na miaka 80, anaeleza kama kule kwa masista alikuwa anachora kila mahali: pembeni ya madaftari, mu kuta za chumba cha kulala. Walimupa malipizi, hakuacha. Siku moja alichora sura ya mutu mwenye ndevu na kumuonyesha baba yake. Baba alifurahi mupaka akamuambia wazi kwamba atakuwa muchoraji. Nafikiri wengi kati yetu hatukupata baba wa kusema neno kama lile. Wengi tuliambiwa: acha mambo ya michoro, soma.

Lakini baba huyo hakumuona akikomaa. Mu 1767 alimeza mufupa wa samaki, kidonda kikaharibika, waganga wakakata bila kusaidia, akakufa. Élisabeth alikuwa na miaka 12. Ku nyumba kulibaki mama, yeye, na ndugu yake mudogo Étienne. Mwaka ule ule haujaisha, mama akaolewa tena na mufundi wa vito moja, Jacques-François Le Sèvre. Tutarudi kwake, juu huyo baba wa kambo ana sehemu yake mu historia.

Sasa, alisomea wapi? Njo hapa pa kushangaza: hakusoma mu shule yoyote ya kuchora. Masomo ya Akademia ya mufalme yalikuwa ya vijana wanaume. Pale mwanafunzi alijifunza kwa kuchora mwili wa mutu mwenye kuvua nguo, na mwanamuke hakuruhusiwa kukaa mu chumba kile. Na bila masomo yale, ilikuwa nguvu sana kuchora picha kubwa za historia na za vita, zenye walihesabu kuwa za daraja la kwanza. Picha za sura za watu zilikuwa chini. Kwa hiyo tusiseme tu kama alipenda sura za watu. Alizipenda, ndiyo, lakini ilikuwa pia mulango wenye haukufungwa na kufuli.

Alichukua masomo kidogo kidogo. Muchoraji Briard alimufundisha kuchora kwa penseli, pamoja na rafiki yake Rosalie Bocquet. Doyen, rafiki wa marehemu baba yake, alimutia moyo. Joseph Vernet, mukubwa wa kuchora bahari na bandari, alimupa shauri la maana: asifuate mutindo wa kundi lolote, aangalie kazi ya wakubwa wa zamani wa Italia na wa Flandre, na zaidi ya yote aangalie vitu vyenyewe vile viko. Basi akaenda mu nyumba za matajiri zenye zilikuwa na picha, akakaa mbele ya Rubens, mbele ya Rembrandt, mbele ya Van Dyck, akakopia. Anakopia kichwa kimoja, anarudia. Sisi wa agronomi tunajua masomo ya namna ile: unakata tawi, unapandikiza, linakauka. Unakata lingine. Kitabu kinakuja kisha.

Ku miaka 15 alikuwa tayari anapata feza. Watu walikuwa wanaleta watu wengine. Alichora mama yake, alichora ndugu yake, na picha zile za nyumbani zilikuwa kama vitambulisho vyake: mugeni anaingia, anaona mama ku ukuta, anaona mama mwenyewe anapita na kahawa, analinganisha. Hakuna tangazo linapita lile.

Lakini feza ilikuwa inaenda wapi? Anasema bila kuficha: baba wa kambo alikuwa anaichukua yote. Huyo Le Sèvre alikuwa bahili sana. Anaeleza ata jambo moja lenye liliumiza moyo wake kuliko feza: mutu huyo alikuwa anavaa nguo za marehemu baba yake, bila ata kuzipeleka kwa fundi apunguze. Mwazie mutoto wa miaka 13, 14, ameketi anachora ili nyumba ikule, na nguo za baba yake zinapita mbele yake zikiwa juu ya mutu mwingine.

Kulikuwa na shida ingine, na wadada wataielewa mbio. Alikuwa binti muzuri, na wanaume wengine walikuwa wanalipa picha ili tu wapate saa mbili ya kumuangalia. Alitafuta dawa yake. Kwanza, mama yake alikuwa anakaa mu chumba. Pili, anasema alikuwa anawaweka waangalie pembeni, mbali na yeye. Na kama jicho linaanza kurudi kwake polepole, anawaambia kwamba sasa anachora macho, wasisogee. Wanaume wanabaki wanaangalia ukuta. Kazi inaendelea.

Tumefika sasa 1774, ile siku ya kufunga atelie. Ili tuelewe, lazima tujue namna kazi ilikuwa imepangwa. Mu Paris kulikuwa na milango mbili. Mulango wa kwanza ni Akademia ya mufalme, yenye ilianzishwa 1648: wenye kuingia mule ni wachache, na wako na heshima ya inchi nzima. Mulango wa pili ni Akademia ya Saint-Luc, ni kusema chama cha zamani cha mafundi wa kuchora wa jiji. Mwenye hayuko mu moja ya vyama hivyo, akiuza kazi yake, anakuwa mwenye kuvunja sheria. Kwa muda mrefu walimuacha Élisabeth, juu alikuwa mutoto na feza yake ilikuwa ndogo. Wakati jina lilianza kutembea, njo sheria ikamukumbuka. Wandugu, mumeisha kuona hii: biashara yako ikiwa ndogo hakuna mwenye anakuona, siku unauza vizuri, ofisi tatu zinajua anwani yako.

Alifanya nini? Hakukimbia, na hakugombana bure. Aliomba kuingia mu chama cha Saint-Luc, kile chenye ata baba yake alikuwa memba. Mwaka ule ule picha zake zilionyeshwa mu maonyesho yao, na tarehe 25 mwezi wa 10 wakamupokea. Sasa alikuwa na karatasi. Na kuna kitu cha kuchekesha kwa uchungu: mu 1776, serikali ya mufalme ikavunja vyama vya mafundi, na Akademia ya Saint-Luc ikafungwa. Ile karatasi yenye walimusimamishia kazi kwa ajili yake haikumaliza ata miaka mbili.

Mwaka ule wa 1776, mwezi wa 1, aliolewa. Mume wake, Jean-Baptiste-Pierre Le Brun, alikuwa muchoraji pia, lakini zaidi alikuwa muchuuzi wa picha, mumoja wa wenye jicho kali mu Paris nzima. Élisabeth alikuwa na miaka 20. Anasema kama njiani kwenda kanisani alikuwa bado anajiuliza: niseme ndiyo, ao niseme hapana? Alikubali, sehemu moja ili atoke mu nyumba ya baba wa kambo. Kumbe alitoka mu mukono moja akaingia mu mukono mwingine. Le Brun alipenda wanawake, alipenda mchezo wa pesa, na feza ya muke wake ilipita kwake yote. Ata alimulazimisha apokee wanafunzi ili feza iongezeke.

Tukisema haki, tuseme pande zote mbili. Nyumba ya Le Brun ilikuwa imejaa picha za wakubwa wa zamani. Ata mbele ya ndoa alikuwa anamuazima zile nzuri akopie. Huyo mume alikula feza, ndiyo, lakini alimufungulia pia masomo yenye Akademia ilimunyima, na wanunuzi wenye waliingia mu nyumba ile kila juma walimuona bibi akiwa kazini. Maisha haipange watu kwa mistari miwili, wabaya huku, wazuri kule.

Sasa jina lilikuwa linapanda. Mu 1776 alipata kazi ya kuchora ndugu wa mufalme. Na mu 1778 ikakuja ile kazi yenye ilibadilisha yote: malkia Marie-Antoinette.

Hapa kuna kitu tukumbuke. Malkia alikuwa ametoka Vienna kuolewa mu 1770, akiwa na miaka 14. Mama yake, mfalme-mwanamuke Marie-Thérèse wa Austria, alikuwa anaomba picha ya mutoto wake mwaka kwa mwaka, na kila yenye walituma haikumupendeza. Wachoraji wenye jina walijaribu na kushindwa. Sura ya malkia ilikuwa nguvu: uso murefu, mudomo wa chini wenye kutokeza kidogo, wa kizazi cha kwao. Ukichora kila kitu vile kiko, unamukasirisha. Ukificha kila kitu, mama yake hatamutambua. Élisabeth, miaka 23, alichora malkia amesimama, na nguo kubwa nyeupe ya satini, ua la roza mu mukono. Picha ilienda Vienna, na iko kule mpaka leo. Mama alifurahi. Malkia na muchoraji wake walikuwa wamezaliwa mwaka mumoja, 1755. Wote wawili walipenda kuimba, na anasema kama walikuwa wanaimba pamoja wakati wa kazi. Kisha ile alimuchora mara nyingi, hesabu inakaribia picha 30.

Alifanya nini chenye wengine hawakufanya? Mu maisha yake alimuandikia mutoto wa ndugu mashauri juu ya kazi hii, na tunaweza kujifunza pale. Mbele ya kuanza, zungumuza na mutu. Umujue. Mujaribishe namna mbalimbali za kukaa, uchague yenye ni yake. Usimuchokeshe: kichwa kinaomba vikao vitatu ao vine, saa moja na nusu kila kimoja. Na mwanamuke ukimusifu, uso wake unafunguka, rangi inakuja. Kwa mitindo pia alikuwa na mawazo yake. Siku zile watu wakubwa walikuwa wanapakaa unga mweupe mu nywele. Yeye hakuupenda, akamuomba dushesi mumoja akubali kuchorwa na nywele zake nyeusi vile ziko, zimeachana katikati. Dushesi alienda vile mu teatro jioni, na wengine wakaanza kumuiga. Alipenda vitambaa vya kujifunga tu, bila kukaza. Mutu aonekane kama mutu, si kama kabati.

Mu 1781 yeye na mume wake walisafiri Flandre na Uholanzi. Mu Antwerpen aliona picha moja ya Rubens ya mwanamuke mwenye kofia, na mwanga wa jua na mwanga wa kivuli vilikuwa vimekutana ku uso mumoja. Hakulala. Alijichora yeye mwenyewe, na kofia ya majani makavu, maua juu, mbingu nyuma yake, brosi na rangi mu mukono, anaangalia mutu usoni bila haya. Ilikuwa CV yake, wandugu. Inasema: Rubens alifanya, mimi pia naweza, na huyu ndiye mimi, na hizi ndizo kazi zangu. Leo ile picha ya Rubens na nakala ya ile picha ya Élisabeth yenye alichora kwa mukono wake ziko mu nyumba moja ya makumbusho mu London.

Tufike sasa ku ile siku ya mabishano yenyewe. Tarehe 31 mwezi wa 5, 1783. Akademia ya mufalme ilikuwa na kipimo: wanawake wane tu, si zaidi. Nafasi zilikuwepo. Jina la Élisabeth likaletwa, na wakubwa wa Akademia wakakataa. Sababu yao ilikuwa mume wake: anauza picha, na sheria ya Akademia inakataza mambo ya biashara. Malkia akasikia. Akaongea na mufalme. Mufalme akaandika amri, na Akademia ikamupokea. Ku daftari ya Akademia waliandika kama aliingia kwa amri.

Siku ile ile, saa ile ile, walipokea mwanamuke mwingine, Adélaïde Labille-Guiard. Yeye aliingia kwa kura ya wenzake. Sasa muone uzito wa jambo. Wawili wanaingia pamoja, mumoja na kura, mumoja na mwavuli. Maisha yake yote Élisabeth angeweza kusikia: wewe ni wa malkia. Na alikuwa na akili ya kujua. Kama picha ya kuingilia, hakutoa sura ya mutu. Alitoa picha ya Amani inaleta Neema, wanawake wawili wenye mashada ya matunda na ngano, kazi ya lile daraja la juu lenye walifikiri wanawake hawataliweza. Nasoma hapo jibu lake: mumenisukuma ndani, sawa, lakini angalieni mukono.

Mwavuli unafunika mvua, lakini unavuta radi pia. Mu maonyesho ya Akademia ya mwaka ule wa 1783, alionyesha malkia na nguo nyepesi ya pamba nyeupe, kofia ya majani, bila vito. Watu wakapiga kelele: malkia ametokea na nguo ya ndani! Na wengine wakasema anaua kazi ya mafundi wa hariri wa Lyon. Picha ikatolewa mbio, na Élisabeth akachora ingine, malkia amesimama vile vile, roza ile ile, lakini sasa na hariri ya buluu. Mikono ilikuwa ya haraka, lakini vidomo vilikuwa vya haraka zaidi.

Kisha uvumi ukaanza. Walisema si yeye mwenye anachora, ni mwanaume, Ménageot, mwenye anamufanyia kazi. Mu 1785, wakati alionyesha picha ya Calonne, waziri wa feza, walisema ni mupenzi wake na kwamba feza ya Leta inaingia mu mufuko wake. Wakati ule ule mume wake alikuwa anamuachia feza ya kuhesabu. Na Labille-Guiard, yule wa kura? Ata yeye walimuandikia karatasi chafu juu ya tabia zake, mwaka ule ule wa 1783, mupaka akaomba musaada ili ziondolewe. Wadada, nawaomba muangalie hapa vizuri. Mumoja aliingia kwa amri, mwingine kwa kura, na matusi yalikuwa yale yale. Kwa hiyo tusidanganyane kama shida ilikuwa mwavuli peke yake.

Kuna hadisi moja anaipenda kueleza. Mu 1788, jioni moja, ndugu yake alimusomea habari ya chakula cha Wagiriki wa zamani, akapata wazo: akavalisha wageni mashuka kama Wagiriki, akaazima vyombo vya kale, mupishi akatengeneza mboga na kuku. Yote, anasema, ilikula franga 15. Asubuhi mu Versailles walikuwa wanasema franga 20.000. Alipofika Roma, miaka kisha, ilikuwa 40.000. Mu Vienna, 60.000. Mu Saint-Petersburg, 80.000. Hii si intaneti, wandugu. Ni barua na mudomo tu. Na uvumi ulikuwa unazaa kama nyasi kisha mvua.

Lakini niseme pia kile chenye haipendezi. Wakati yeye anachora hariri, inchi ilikuwa inakosa. Mu 1787 alichora malkia na watoto wake, ili watu wamuone kama mama. Kitanda cha mutoto mu picha ni kitupu, juu mutoto Sophie alikuwa amekufa mwaka ule. Picha ilichelewa kuonyeshwa, waliogopa hasira ya watu, na fremu ikabaki wazi mu ukumbi. Inasemekana mutu mumoja alisema: tazameni, ile njo deficit. Picha nzuri haikutosha kuponya njaa. Muchoraji wa wakubwa anakula ku meza yao, na siku meza inapinduka, anapinduka nayo.

Ikapinduka. Usiku wa tarehe 6 mwezi wa 10, 1789, Élisabeth alitoka Paris mu gari ya farasi ya abiria, amevaa kama mwanamuke wa kazi za mikono, pamoja na mutoto wake Julie mwenye miaka 9. Anasema kama kazi yake ilikuwa imeingiza zaidi ya milioni moja ya franga, na siku ile hakukuwa na ata franga 20 yake mwenyewe. Tumeisha kujua zilienda wapi.

Hapa, kwangu, njo jibu la swali letu linaanza. Mwavuli ulianguka. Malkia aliuawa 1793. Akademia ya mufalme ikafungwa mwaka ule ule. Jina lake likaandikwa mu orodha ya wakimbizi wenye kupoteza haki zao. Alibaki na nini? Mukono. Mu Italia alifika, akachora, na makumbusho ya Firenze ikamuomba picha yake mwenyewe. Napoli ikamuita, kisha Vienna, kisha Urusi, kwenye alikaa tangu 1795 mpaka 1801. Na mara hii feza ilikuwa inaingia mu mufuko wake. Kule Ufaransa, zaidi ya watu 250, wachoraji na watu wa elimu, waliweka saini kuomba jina lake liondolewe ku ile orodha. Akarudi Paris mu 1802. Alikufa 1842, na miaka 86. Mu 2015, mu jumba la Grand Palais mu Paris, walipanga maonyesho makubwa ya kazi zake.

Basi, mukono ao mwavuli? Nasema hivi. Mwavuli ulimupitisha mulango wenye haukukuwa na haki ya kufungwa. Si haya kukubali kusukumwa mbele ya mulango kama ule. Haya ni kuingia na mikono mitupu. Élisabeth, siku malkia alimuita, alikuwa tayari na miaka kumi ya kukopia vichwa. Wangemuita mwingine bila mukono, tungesahau jina lake pamoja na malkia. Na funzo la pili, lenye linaniuma zaidi: alijua kufanya kazi mbele ya kujua kulinda matunda yake. Baba wa kambo, kisha mume. Wadada na wandugu wenye munaanza kupata, mufungue konti kwa jina lenu. Wazee walisema: mutegemea cha ndugu hufa masikini. Niongeze: ata mwenye kutegemewa na ndugu wote anaweza kufa masikini vile vile.

Miche yangu ilikufa mu uwanja wa ofisi ile, kwa kiu. Karatasi niliipata kisha miezi saba. Kisu cha kupandikizia sikunyanganywa, kilikuwa mu mufuko wa suruali. Mu mvua hizi nimeanza upya, mifuko 120.

Na wewe, ukinyimwa karatasi, ukinyimwa mwavuli, ni kitu gani utabaki nacho mu mufuko? Muniandikie hapo chini, nitasoma wote.